Kuvu imeingia tundu la jicho la mamangu, na jamaa hawataki apasuliwe

Barua

Assalaam alaykum Daktari,

Nawaandikia kutoka Langoni, Lamu, lakini mamangu saa hizi amelazwa Mombasa. Ana miaka 58 na ana sukari ya muda mrefu. Alikuwa akichoma insulini, ikamuishia, akabaki na vidonge tu. Mwezi huu alianza kulalamika jino la juu upande wa kulia, na shavu lote la upande huo likafa ganzi. Akapewa antibayotiki na dawa ya kupunguza uvimbe, akatulia kidogo. Kisha jicho likavimba, ukope ukaanguka, akawa haoni vizuri. Puani alikuwa akitoa uchafu mweusi wenye damu. Sisi tulidhani ni vumbi. Jirani akamletea vidonge vya flukonazoli, vile vya fangasi, akavimeza.

Tulipofika Mombasa sukari yake ilikuwa 27 na alikuwa akihema kwa kasi. Wamempiga picha, wakamkata kinyama puani, wakatuambia ni kuvu na imeshaingia kwenye tundu la jicho. Wanataka kumpasua kupitia puani, na wamesema huenda jicho likatolewa. Ami yangu, ambaye ndiye mkubwa wetu, anasema hakuna jicho la kutolewa: apewe dawa kwanza, na ikishindikana arudi Lamu tutafute njia nyengine. Tumeandikiwa pia dawa ya mshipa, amfoterisini, tuinunue nje. Famasia moja ina ya aina hii, nyengine ina ya aina ile, na bei hazikaribiani hata kidogo. Tununue ipi? Flukonazoli haitoshi? Jicho ni lazima litolewe? Na sisi tunaomuuguza tutaambukizwa? Dadangu ananyonyesha na anaogopa kumpeleka mtoto kwa nyanyake.

Binti wa Langoni

Jibu

Waalaykum salaam, mwanetu. Tuanze na la haraka. Mpigie ami yako leo hii umweleze kwamba jambo mnaloamua si moja, ni mawili. Kusafisha pua na vishimo vya hewa vya uso ni kazi ya leo, haingoji kikao cha ukoo. Jicho ni suala la pili, na huamuliwa baada ya kuona kilichomo ndani. Jamaa wengi huyafunga yote mawili pamoja, wakalikataa la kwanza kwa kuliogopa la pili, na hizo siku mbili tatu za kubishana ndizo zinazoipa kuvu nafasi ya kufika ubongoni.

Dalili ulizozieleza ni za mukomaikosisi, na kuvu inayoileta mara nyingi ni ya jamii ya Rhizopus. Vumbi lake la uzazi limo kwenye udongo, kwenye mavi ya punda, kwenye embe zilizooza na mkate uliovunda. Sote tunalivuta kila siku na halitufanyi lolote. Kwa hiyo msimlaumu mtu wala punda. Kilichobadilika ni mwili wa mama. Sukari ikipanda na insulini haipo, damu hugeuka kuwa na asidi, na kule kuhema kwa kasi ndiko mwili unavyojaribu kuitoa asidi hiyo. Hapo seli nyeupe za ulinzi hulegea, na madini ya chuma yaliyokuwa yameshikwa na protini ya damu huachiliwa. Kuvu hii hustawi kwa chuma. Kama ile dawa ya kupunguza uvimbe ilikuwa deksamethasoni au prednisoloni, basi nayo ilisukuma sukari juu na kuzidi kudhoofisha ulinzi. Mwaka 2021 nchini India, sukari na dawa za namna hiyo zilipokutana kwa wagonjwa wa Korona, maelfu kwa maelfu walishikwa na ugonjwa huu huu. Tafuteni pakiti tupu ya dawa ile muwapelekee madaktari, wanahitaji kujua.

Kuvu huanza puani ikaingia kwenye kishimo cha hewa cha shavu. Mizizi ya meno ya juu iko hapo chini yake, na neva ya ngozi ya shavu inapita hapo juu yake, ndiyo maana mama aliumwa jino na shavu likafa ganzi. Kati ya pua na tundu la jicho pana mfupa mwembamba kama karatasi. Ukishavukwa, jicho linavimba, linatokeza, linakwama halizunguki, ukope unaanguka. Nyuma ya tundu hilo ndiko kuliko na njia ya mishipa inayoingia ubongoni. Kokote inakopita, kuvu hii huingia ndani ya mishipa ya damu na kuigandisha. Nyama iliyokosa damu hufa na kuwa nyeusi. Ule uchafu mweusi puani ulikuwa nyama iliyokufa, na kila mwenye sukari anayesoma hapa auchukulie hivyo, aende hospitali siku hiyo hiyo.

Hapo ndipo jibu la ami yako lilipo. Anasema apewe dawa kwanza. Dawa ya mshipa husafiri ndani ya damu, na ile nyama haina damu tena. Mnaweza kumwaga amfoterisini mwezi mzima na isifike mahali kuvu ilipo. Kwa hiyo daktari wa pua huingia na kamera kupitia tundu za pua, bila kukata uso, akaondoa kila kilichokufa mpaka afike kwenye nyama inayotoa damu nyekundu. Mara nyingi humrudisha mgonjwa thieta baada ya siku mbili au tatu kukagua na kuondoa kilichokufa baadaye. Wakiwaambia anarudi mara ya pili, msidhani ya kwanza iliharibika.

Dawa nayo haingojei upasuaji. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008, uliofanywa kwa wagonjwa wa saratani ya damu walioshikwa na mukomaikosisi, ulionyesha kwamba waliocheleweshewa amfoterisini kwa siku 6 au zaidi walikufa kwa kiwango cha karibu mara mbili ya wale walioanza mapema. Sukari, kisu na dawa vinaanza pamoja. Kwa sukari, mama atawekewa dripu za maji na insulini ya mshipani, na potasiamu ikipimwa kila saa chache, kwa sababu insulini huishusha. Asidi ikishaisha, wodini hulenga kuishikilia sukari kati ya 7.8 na 10.

Flukonazoli acheni. Inatibu fangasi za mdomo na za ukeni, lakini mukomaikosisi haiigusi kabisa. Hata vorikonazoli, ambayo ni dawa kubwa zaidi, haiiwezi. Kuna ugonjwa mwingine wa tundu la jicho unaofanana na huu, unaoletwa na kuvu nyengine iitwayo Aspergillus, na huo vorikonazoli ndiyo dawa yake ya kwanza. Kwa hiyo ulizeni: kinyama kilionyesha nini chini ya hadubini? Nyuzi za mukomaikosisi ni pana, karibu hazina vigawanyo, na matawi yake hutoka kwa pembe inayokaribia digrii 90. Za Aspergillus ni nyembamba, zina vigawanyo, na matawi yake ni ya pembe ya digrii 45. Jibu la awali la maabara, kwa kinyama kibichi, hupatikana siku hiyo hiyo. Kuotesha kuvu huchukua siku zaidi, na hata isipoota haimaanishi haipo, kwa sababu nyuzi hizi huvunjika na kufa kinyama kinaposagwa. Msiache matibabu kwa sababu karatasi ya maabara imesema haikuota kitu.

Sasa ya famasia, na hapa tunakuomba usome polepole, kwa sababu kosa la hapa huua. Amfoterisini B ziko hasa za namna mbili, zote kwa kawaida huja kwenye kichupa cha miligramu 50. Ya kwanza ni ya zamani, ya kawaida, na ndiyo ya bei ya chini. Ya pili imefungwa ndani ya chembe za mafuta, na kwenye lebo yake utaona neno "liposomal". Kipimo chake ni miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na kuvu ikishafika ubongoni madaktari wanaweza kupanda hadi 10. Ile ya kawaida kipimo chake ni miligramu 1 hadi 1.5 kwa kilo, na haivuki hapo kamwe. Tuseme mama ana kilo 60. Ya liposomu atahitaji miligramu 300 kwa siku, yaani vichupa 6 kila siku. Ya kawaida atahitaji 60 hadi 90, yaani vichupa 2 na masalio kumwagwa. Sasa mtu akinunua ile ya kawaida kwa cheti kilichoandikwa miligramu 300, na muuguzi akaichanganya yote, moyo wa mgonjwa unaweza kusimama. Kabla ya kulipa, mpigieni picha lebo mumtumie daktari wa wodi, na mkibadilisha aina, cheti kiandikwe upya. Msiruhusu famasia iwaambie "ni ile ile".

Tungechagua ipi? Ya liposomu, kama inawezekana kwa namna yoyote, kwa sababu huziumiza figo kidogo zaidi, na kwa hiyo mama ataweza kupewa kipimo kamili bila kukatizwa. Mgonjwa wa sukari wa muda mrefu huenda tayari figo zake si nzima. Lakini kama fedha ni za siku tatu tu za liposomu, anzeni na ya kawaida leo kuliko kungoja harambee. Ongeeni na ofisa wa ustawi wa jamii wa hospitali, na hakikisheni michango ya mama ya SHA, bima ya afya ya serikali, imelipwa na ombi la idhini ya upasuaji limeshatumwa. Hilo hukwamisha watu hata daktari akiwa tayari mlangoni mwa thieta.

Ya kawaida hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, mbali na mwanga. Ikibebwa, iwekwe kwenye sanduku la barafu na kitambaa katikati, vichupa visiguse barafu, maana haifai kugandishwa. Ya liposomu hutofautiana kwa kampuni, fuateni lebo. Zote mbili huchanganywa kwa dripu ya deksitrosi ya asilimia 5 peke yake. Zikikutana na maji ya chumvi hufanya ukungu na kuganda ndani ya mpira, kwa hiyo mpira ule ule uliopitisha maji ya chumvi lazima usafishwe kwanza kwa deksitrosi. Ukiona dripu imekuwa na mawingu, mwite muuguzi aifunge. Ya liposomu huingia kwa karibu saa 2, ya kawaida kwa saa 4 hadi 6. Msimwombe muuguzi aiharakishe ili mama alale.

Katika saa za mwanzo za dripu anaweza kutetemeka kwa baridi kali na joto likapanda. Hiyo si malaria wala si dalili kwamba dawa imemkataa. Wodi humpa parasetamoli kabla, na haidrokotisoni ikibidi. Shida kubwa ni figo. Kabla ya dripu ya dawa huwekewa maji ya chumvi nusu lita hadi lita moja, kwa mpira uliosafishwa kama tulivyosema, ili figo zioshwe. Kreatinini, ambayo ni kipimo cha kazi ya figo, na potasiamu hupimwa kila siku au siku baada ya siku, na magnesiamu pia. Potasiamu ikishuka sana mnaweza kuona miguu imelegea, misuli inakaza, tumbo halisagi, na moyo unaweza kuruka mapigo. Kazi yenu nyinyi mlio kitandani ni kupima mkojo: kwa mtu wa kilo 60, ukipungua chini ya mililita 700 kwa siku nzima, semeni. Na asipewe diklofenaki wala sindano ya jentamisini na mtu yeyote bila daktari wake kujua, kwani zote mbili huzimalizia figo zilizokwisha kuchoka.

Tuje kwenye jicho. Si lazima litolewe, na daktari aliyesema "huenda" amesema kweli. Muulizeni mambo matatu. Je, mama akimulikwa tochi anaona mwanga? Je, picha ya MRI yenye dawa ya kung'arisha inaonyesha nyama ya ndani ya tundu bado inapokea damu? Je, kuvu imefika kwenye ncha ya nyuma ya tundu, au imeshaingia ubongoni? Kama bado anaona mwanga na nyama iko hai, daktari wa macho anaweza kuondoa sehemu iliyokufa tu na kumchoma amfoterisini nyuma ya jicho, kwa kawaida mililita 1 yenye miligramu 3.5, kwa siku kadhaa. Jicho hubenuka zaidi siku za mwanzo baada ya sindano hizo. Si lazima iwe ugonjwa umezidi. Lakini jicho lililokwisha kupofuka, limekwama, na nyama yake ni nyeusi, halirudi. Kuliacha ni kuiachia kuvu nyumba. Hapo huondolewa jicho pamoja na vyote vilivyomo tunduni, na ami yako aelewe kwamba uoni wa jicho hilo ulikwisha kuondoka kabla ya kisu. Ikiwa ubongo umeshaguswa sana, kutoa jicho huenda kusisaidie kitu, na madaktari wenyewe hutofautiana juu ya saa ya kulitoa. Mwombeni wa macho, wa pua na wa sukari wakae na nyinyi pamoja. Kusikia kwa mmoja mmoja ndiko kunakozaa ugomvi nyumbani.

Kumrudisha Lamu sasa, hapana. Anahitaji thieta, MRI na maabara ya kila siku kwa wiki 4 hadi 6 za dawa ya mshipa. Dua, Kur'ani na ndugu kumzunguka vyote vinamfaa na vifanyike hapo hapo wodini. Asiwekewe asali, mvuje, wala maji ya majani puani au jichoni.

Kuambukiza, haiambukizi. Mtoto wa dadako anaweza kushikwa na nyanyake. Sababu ya kutomleta mtoto mchanga wodini ni magonjwa mengine ya wodini, si kuvu hii.

Mkirudi nyumbani, pua husafishwa kwa maji yaliyochemka dakika kadhaa yakapoa, chumvi kijiko kimoja cha chai kwa nusu lita. Maji ya kisima yasitumike bila kuchemshwa. Kwa majuma ya mwanzo asiiname wala kupenga pua kwa nguvu: aswali akiwa amekaa, na kuhusu kupangusa juu ya bendeji badala ya kuosha uso muulizeni sheikh wenu, sisi tunachotaka ni maji yasiingie kwenye kidonda. Kama jicho limetolewa, tundu husafishwa kwa shashi safi na maji hayo ya chumvi, na hujaa nyama mpya taratibu kwa miezi. Wekundu na unyevu ni sawa. Weusi, harufu au maumivu mapya si sawa. Jicho lililobaki lilindwe kwa miwani kila siku. Mtu wa jicho moja hukosea kukadiria umbali, kwa hiyo kwenye ngazi za gati la Mokowe na wakati wa kushuka botini ashikwe mkono, hasa maji yakiwa yametoka.

Insulini isikatike tena, hata siku anayotapika au asiyokula. Hiyo ndiyo siku asidi hurudi. Kama hamna friji, iwekeni kwenye chombo kisichopitisha maji ndani ya mtungi wa udongo uliolowa, kivulini. Iliyofunguliwa nyingi hudumu siku 28. Sukari ikivuka 15 naye anatapika au anahema kwa kasi, mpelekeni hospitali ya King Fahd hapo Lamu saa hiyo hiyo. Walio Faza au Kizingitini wapige simu kabla ya kupanda boti kuuliza kama kipimo cha potasiamu kinafanyika siku hiyo. Na Ramadhani ya mwaka huu asifunge.

Baada ya dripu huja vidonge, mara nyingi posakonazoli ya miligramu 100: siku ya kwanza vidonge 3 asubuhi na 3 jioni, kisha 3 mara moja kwa siku, pamoja na chakula, vimezwe vizima bila kusagwa. Huendelea kwa miezi, kwa kawaida 3 hadi 6, na husimamishwa kwa picha safi, si kwa kujisikia vizuri. Muonyesheni daktari dawa zake zote za kila siku kabla hajaanza. Akiwa anatumia simvastatini ya mafuta ya damu, iachwe. Zikikutana misuli huyeyuka na figo hufungwa. Amlodipini ya presha huongezeka nguvu, kwa hiyo mkimuona anapata kizunguzungu akisimama, mpimeni presha.